Kijito Hulindwa Kuanzia Mlimani: Somo la Wanawake wa Litembo kwa Mabiharusi wa Visiwani



Mmezoea kutusoma tukizungumzia singo na liwa, mapishi ya walima, na adabu za ndoa. Leo tunaomba tuzungumzie kijito. Kile kijito kinachopita bondeni nyuma ya nyumba, ambacho wakati wa kiangazi tunakisahau na wakati wa masika tunakiogopa. Msidhani tumetoka nje ya mada. Hakuna biharusi anayesingwa pasipo maji, hakuna sufuria ya pilau inayooshwa pasipo maji, na sala zetu tano zinaanza kwa maji.

Kila mvua kubwa zikinyesha tunaona mambo yale yale. Ukingo umemeguka, mzambarau umelala ndani ya maji, njia ya watoto kwenda madrasa imekatika, na choo cha jirani kimebaki hatua tatu kutoka kwenye shimo. Maji yenyewe yana rangi ya chai ya maziwa. Halafu tunasema moja kati ya mawili: ama serikali ije itujengee ukuta, ama ndiyo kadari.

Kadari tunaiamini, alhamdulillah, na ukuta pengine unahitajika mahali fulani. Lakini rai yetu ni kwamba tunaanza kuangalia mwisho wa jambo badala ya mwanzo wake. Ukingo wa kijito hauvunjwi na kijito peke yake. Unavunjwa na maji tuliyoyaacha yakimbie kutoka juu: kwenye mashamba, kwenye viwanja, kwenye mapaa na vichochoro vyetu. Anayetaka kuuokoa ukingo aanze huko juu. Na waliolijua hili kwa vitendo, kwa majembe yao, ni wanawake wa mbali kidogo na visiwa vyetu.

Litembo, mlima na vijito vyake

Litembo iko wilayani Mbinga, mkoa wa Ruvuma, kusini kabisa mwa Tanzania. Ni nchi ya Wamatengo, milima mikali iliyo juu ya Ziwa Nyasa. Wengi wa wenyeji ni Wakristo Wakatoliki, na Litembo inajulikana kwa hospitali yake ya misheni. Sisi hatuoni aibu kujifunza kwa jirani asiyekuwa wa dini yetu. Elimu ya kutunza neema ya Mwenyezi Mungu ni elimu, popote ilipo.

Huko mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, takriban kuanzia Novemba hadi Mei. Miteremko ni mikali kiasi kwamba mtu wa Unguja akiiona atauliza jembe linashikwaje hapo. Kwa hesabu ya kawaida, udongo wote ungekuwa umeshateremka ziwani zamani. Lakini watu wamelima hapo kwa vizazi na vizazi, na sababu kubwa ni kilimo chao cha mashimo kinachoitwa ngolo, ambacho wengine hukiandika ngoro.

Kazi yenyewe iko hivi. Mvua zinapokaribia kwisha, wanaume hufyeka majani marefu shambani na kuyaacha yakauke. Kisha majani hupangwa kwa mistari inayokatana, shamba zima likawa miraba kama kitambaa cha drafti. Hapo wanawake huingia na majembe. Wanachimba katikati ya kila mraba na kuufukia ule mstari wa majani kwa udongo wanaoutoa. Kinachobaki ni shimo katikati na matuta manne yakilizunguka, na ndani ya matuta mna majani yanayooza taratibu na kuwa mbolea. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni. Udongo ulioteremka kidogo hunaswa na shimo la chini yake. Shamba likichimbwa upya, mashimo huhamishwa, na kile kilichonaswa kinakuwa tuta.

Hebu tupige hesabu ya jikoni. Miraba ikiwa ya mita mbili kwa mbili, ekari moja ina mashimo kama 1,000. Tuseme kila shimo linashika ndoo tano tu za lita 20. Hizo ni lita 100,000 za maji ambazo hazikukimbilia bondeni kwa pamoja. Zimekaa, zimezama, na baadaye zinatokea chini kama chemchemi, polepole, hata wakati wa kiangazi. Kijito cha chini kinapata maji yake kwa kipimo, hakipigwi na gharika ya ghafla. Huo ndio ulinzi wa ukingo, na umefanyika mbali na ukingo wenyewe.

Kuna neno la Kimatengo tunalipenda: ntambo. Ni kile kipande cha mlima kilicho kati ya vijito viwili, kuanzia mgongoni mwa mlima hadi bondeni. Kwa desturi ntambo hukaliwa na watu wa ukoo mmoja. Nyumba na mibuni ya kahawa ziko kwenye mteremko, mashamba ya ngolo yameenea, na mabondeni kuna maji. Biharusi akiolewa huko huingia kwenye ntambo ya ukoo wa mume. Kwa hiyo mipaka ya maisha yake mapya ni vijito viwili, na anajua tangu siku za mwanzo kwamba jembe lake la juu ndilo linaloamua maji ya chini.

Sisi tunapoolewa tunaonyeshwa jikoni, chumba na jamaa wa mume. Ni nani aliyewahi kuonyeshwa maji ya mtaa yanatoka wapi na yanakwenda wapi?

Jinsi ukingo unavyoanguka

Tulieleze kwa lugha nyepesi, maana ukilielewa hili huwezi tena kuliangalia bonde kwa macho yale yale.

Ardhi yenye majani na miti hunywa mvua. Ardhi iliyofagiliwa ikawa nyeupe, au iliyosakafiwa, huitema. Maji yaliyotemwa hufika kijitoni yote kwa wakati mmoja, yana nguvu, na yanaanza kula ukingo chini, kwenye unyayo wake. Juu panaonekana pazima, lakini chini pameshakuwa pango. Siku ya pili au ya tatu, mvua ikiwa imekatika na watu wameshasahau, ukingo mzima unaporomoka. Ndiyo maana watoto wasiachwe wacheze ukingoni hata kama jua limewaka.

Mizizi ndiyo inayoshika. Matete, mianzi, mikuyu na mizambarau yanayojiotea kando ya maji si uchafu wa kusafishwa. Ndiyo mishono ya ile nguo. Mtu akifyeka ili "paonekane pasafi", ameifumua nguo kwa mkono wake. Akichota mchanga kijitoni kwa ajili ya kujengea, anakishusha kitako cha kijito, na kingo za pande mbili zinabaki ndefu bila cha kuzishikilia, mwishowe zinaanguka. Tena ukingo ukianguka upande mmoja, maji hupata mlango wa kupiga upande wa pili. Hasara ya nyumba moja inakuwa ya mtaa.

Hata ukuta wa zege una masharti yake. Ukuta uliojengwa kipande mbele ya nyumba moja, bila kupunguza maji yanayokuja, mara nyingi huyasukuma yakamle jirani wa chini. Fedha imetumika, na ugomvi umenunuliwa.

Udongo wa juu, samaki wa chini

Watu wa Litembo na vijiji vya jirani hawalindi vijito kwa ajili yao peke yao. Maji ya milima hiyo mengi hushuka Ziwa Nyasa, na mwambaoni, kuanzia Mbamba Bay na vijiji vyake, kuna mama wanaoishi kwa kuanika na kuuza samaki. Kuna samaki anaitwa mbasa, mtamu na maarufu, ambaye huacha ziwa akapanda mito kwenda kutaga mayai kwenye changarawe safi. Mto ukijaa tope, mayai hufunikwa. Mwanamke wa mlimani akiacha shamba lake wazi, mwanamke wa ziwani atapata ungo mtupu, na hawajawahi kuonana.

Nasi wa visiwani tumo katika hesabu hiyo. Baadhi ya vijito vya Unguja havifiki baharini kwa macho. Huzama kwenye mawe ya matumbawe vikapita chini kwa chini, na maji ya chini ya ardhi ndiyo tunayoyavuta visimani tukayanywa. Ukitupa nepi ya mtoto bondeni, usidhani imekwenda zake.

Na wazee wetu walikuwa na heshima kwa vijito. Kasri la Mtoni la Sayyid Said limepata jina lake kwa mto uliokuwa ukipita hapo kwenda baharini, na ndipo alipozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa mjini maji ya chemchemi kwa mfereji. Wafalme walijenga karibu na maji kwa kuwa maji yalikuwapo. Sisi tutawaachia wajukuu nini karibu na nyumba zao?

Neno gumu kuhusu mboga za bondeni

Hapa tunajua baadhi yenu mtakunja uso. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania Bara inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kwenye karatasi ni jambo jema. Lakini huko Umatengo, kama ilivyo katika mabonde yetu, bustani ya mboga ya kiangazi iko hapo hapo karibu na maji, na mara nyingi ni ya mwanamke. Ndiyo sare ya shule, ndiyo chumvi na mafuta. Ukimwambia aondoke mita 60 katika nchi ambayo bonde zima pengine halifiki upana huo, umemwambia asile.

Wako wanaosema sheria ni sheria, wamwondoe. Wako wanaosema njaa haina sheria, aachwe alime mpaka miguu iguse maji. Sisi hatukubaliani na wote wawili. Mwenye kulima mpaka mdomoni mwa maji, baada ya masika machache hatakuwa na bustani wala ukingo. Na mwenye kumfukuza bila kumpa mbadala atarudi kumkuta usiku.

Tunachokiona cha haki ni hiki. Ukanda wa kwanza kando ya maji usiguswe na jembe kabisa, ubaki wa matete, majani na miti. Nyuma yake upandwe kinachovunwa bila kuchimbua ardhi kila mwaka: matunda, mianzi, majani ya ng'ombe na mbuzi. Kisha bustani. Na mwenye bustani asaidiwe maji yapande kwake kwa ndoo au bomba, badala ya yeye kushuka na jembe kwenye maji. Faini iwe ya mwisho, na ianze kwa wenye malori ya mchanga, si kwa mama mwenye mchicha.

Tena wenye kulima wawemo wanaoamua. Ngolo ni kazi nzito, na jembe la kuchimba mashimo liko mikononi mwa wanawake, lakini ardhi kwa desturi hurithiwa upande wa wanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Viti hivyo vikaliwe na wanawake wanaosema, si wanawake wa kuitikia. Kuwasifu wake zetu na mama zetu kwa kushika udongo, halafu kuwatoa nje wakati wa kupanga matumizi ya huo udongo, si sifa. Na kuwaachia jembe peke yao mpaka mgongo uvunjike pia si sifa. Vijana wa kiume wana mikono.

Mfano mzuri uko Mbinga yenyewe. Kati ya 1999 na 2004 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wataalamu kutoka Japani walifanya kazi na vijiji vya Umatengo. Katika kijiji cha Kindimba wanakijiji walishiriki kujenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na nguvu ya maji. Mashine kama hiyo haina maneno mengi: kijito kikipungua, unga hakuna. Basi habari ya kupanda miti na kutunza vyanzo ikawa habari ya ugali wa jioni, haikuwa tena hotuba ya mgeni. Watu hutunza kile wanachokiona kinawalisha.

Dini yetu imeshasema

Mwenyezi Mungu (S.W.) anatukumbusha katika Suratul Anbiyaa kwamba kila chenye uhai kimetokana na maji. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimpitia Saad akitawadha, akamkataza israfu, hata kama angekuwa kwenye mto unaopita. Akaonya pia kuhusu kujisaidia kwenye mapito ya maji, njiani na kivulini, mahali watu wanapopata manufaa.

Wanazuoni wa fiqhi nao wameeleza kuhusu harimu ya kisima na ya mto, yaani eneo la pembezoni linaloachwa ili watumiaji wa maji wasidhuriwe. Basi tunaposikia habari ya kuacha ukanda kando ya kijito tusidhani ni fikra ya wageni. Tuliyasoma hayo, tukayaacha vitabuni. Kwa hukumu za kiwanja chako hasa, muulize sheikh wako na sheha wako.

Na kwa wanawake, tunaye Bibi Zubayda bint Jaafar, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 831. Aliona taabu ya maji waliyoipata mahujaji Makka, akatoa mali yake kujenga mfereji wa kuyaleta maji kutoka milimani. Mfereji huo unaitwa Ain Zubayda mpaka leo, na umenywesha mahujaji kwa karne nyingi. Alikuwa na dhahabu na hariri za kila namna. Tunachomtajia ni maji.

Tunawaomba nini, mabiharusi

Hatukuombeni mfereji wa Makka. Tunaomba mambo manne yanayowezekana.

La kwanza, harusi yako isimalizikie bondeni. Chupa za maji, sahani za kutupa na mifuko ya barafu hukusanywa siku ile ile, na pawepo mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa jina, kama anavyokabidhiwa mpishi. Takataka zikiziba kijito, maji hutafuta njia nyingine, na njia hiyo ni ukingo wa mtu.

La pili, yazuie maji ya paa lako. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 30 hutoa lita 3,000, yaani ndoo 150 za lita 20. Weka tangi au pipa, na yanayozidi yaelekeze kwenye shimo chini ya migomba. Hiyo ndiyo ngolo ya mjini.

La tatu, panda. Biharusi ana haki ya kusema mahari yake, na hakuna ubaya pamoja na vingine ukaomba miche kumi ya matunda ipandwe nyuma ya ule ukanda wa kijito. Kwenye ukingo wenyewe, nyasi za vetiva zinafaa sana. Mizizi yake hushuka mita tatu na zaidi, na ndiyo hiyo hiyo inayonukia na kutumika katika manukato. Mwanamke wa visiwani hahitaji kubembelezwa apande kitu kinachonukia. Mti au mche unaopandwa na Muislamu, kikaula kiumbe chochote, ni sadaka kwake.

La nne, makungwi na masomo wetu waliongeze hili katika mafunzo ya biharusi. Pamoja na usafi wa mwili na wa nyumba, amfunze usafi wa maji ya mtaa. Siku ya kumpeleka kwa mume amwonyeshe kisima, bonde, na jirani wa chini atakayepokea kila analolimwaga.

Jirani wa chini ndiye kipimo chetu. Mwanamke wa Litembo hamjui kwa sura mama anayesubiri mbasa pale mwambaoni, lakini anamtendea wema kila anapofukia majani mlimani. Nasi tuna jirani wa chini, wengine tunawajua mpaka majina ya watoto wao.

Mwenyezi Mungu atujaalie maji yetu yawe ya rehema yasiwe ya adhabu, azidumishe nyumba za mabiharusi wetu wa mwaka huu, na atulipe kwa kila mche. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullah.